Mbona Punk in Drublic inachekesha, na mbona mkiipiga inabomoka?

Swali. Sisi ni bendi ya watu wanne hapa Nairobi: magitaa mawili, besi na ngoma. Tunaipenda Punk in Drublic, albamu ya NOFX, bendi ya panki ya California, lakini tunabishana. Mmoja wetu anasema ni albamu ya walevi wanaocheka ovyo. Mwingine anasema ina ujumbe mzito kuliko za wengi wanaojiita wanaharakati. Pili, kila tukipiga «Linoleum» tunaanza pamoja na kumaliza kila mtu kivyake. Tatu, tungependa kuandika nyimbo zetu za Kiswahili kwa mtindo huo. Tuanzie wapi?

Jibu. Kwenye ubishi wenu kila mmoja ameshika upande wake wa kweli. Walevi wamo, na ovyo imo: jina lenyewe la albamu ni kosa la kulewa hadharani, «drunk in public», lililogeuzwa vichwa vya maneno, jinsi mlevi angelitamka mbele ya polisi. Ila mkitafuta ujumbe kwa kuokota mistari mizito mtapata michache. Sikilizeni kwanza nani anachekwa katika kila wimbo, na nani anayemcheka. Hapo ndipo albamu hii inapotofautiana na nyingine nyingi za mkumbo wake, na hapo hapo ndipo inapojikwaa.

Mazingira yake kwa ufupi. Ilitoka tarehe 19 Julai 1994 chini ya Epitaph, lebo ya Los Angeles ya Brett Gurewitz, mpiga gitaa wa Bad Religion. Ilirekodiwa Westbeach Recorders, Hollywood, na kazi ya uprodyuza aliishika Ryan Greene. Nyimbo ni 17, na zote pamoja zinakaa kwenye takriban dakika 40. Bendi: Fat Mike anaimba huku akipiga besi, Eric Melvin na El Hefe kwenye magitaa, Erik Sandin kwenye ngoma. El Hefe aliingia mwaka 1991, na kuingia kwake kulibadili mambo, kwa kuwa alikuja na gitaa la kiwango cha juu, tarumbeta, na kipaji cha kuigiza sauti za watu. Bendi yenyewe ilikuwapo tangu 1983, na rekodi zake za mwanzo ni vurugu ambayo hata wapenzi wake hawaisikilizi mara nyingi.

Mwaka huo wa 1994 panki ya California ilitoka uani ikaingia sebuleni. Green Day walitoa Dookie mwezi Februari kupitia lebo kubwa, Offspring wakatoa Smash mwezi Aprili kupitia Epitaph hiyo hiyo, na mauzo yakafika mamilioni. NOFX hawakwenda kwenye lebo kubwa, na baada ya muda wakaacha kabisa kuipelekea MTV video zao. Hata hivyo Punk in Drublic ilipata cheti cha dhahabu Marekani mwaka 2000, maana yake nakala 500,000. Kwa bendi iliyokataa mlango uliokuwa umefunguliwa kwa wote, hilo si haba.

Sasa turudi kwa anayechekwa. Nyimbo mbili za karibu na mwisho, «Jeff Wears Birkenstocks» na «Punk Guy», zinawacheka mapanki wenyewe. Ya kwanza ni ya jamaa anayevaa makubazi ya kihipi katikati ya watu waliojifunga sare ya mabuti; ya pili ni ya jamaa aliye panki kiasi cha kuwa kioja. Hizi ni nyimbo fupi, nyepesi, na hazihitaji kuchimbwa sana. Lakini zinafanya kazi moja kubwa: zinampa msikilizaji uhakika kwamba kejeli inaanzia nyumbani. Watu waliojivunia kutokuwa na sare wanaonyeshwa sare yao.

«The Brews» ndiyo kilele cha utani wa albamu, na bila kujua yaliyotangulia unaweza kuusikia kama wimbo wa mashabiki wa mpira. Katika miaka ya 1980 maonyesho ya panki huko California yalivamiwa mara kwa mara na vijana wenye vichwa vilivyonyolewa na imani za Kinazi, waliokuja kupiga watu. Mtindo wao wa muziki ulikuwa ule wa Uingereza wa kuitikia kwa sauti moja, mwendo wa wastani, ngumi juu. NOFX wanachukua mtindo huo huo, kila kitu chake, na kuwavisha vijana wa Kiyahudi wa mtaa wa Fairfax mjini Los Angeles. Genge linatoka usiku wa Ijumaa kutisha mji, tatuu zao zinapinga swastika, na jogoo hawa wote lazima wawe wamerudi nyumbani Jumamosi asubuhi, maana Sabato ni Sabato. Hata ule mwitiko wa genge, «oi», unasikika sawasawa na mguno wa bibi wa Kiyahudi anayelalamikia magoti. Fat Mike ni Myahudi mwenyewe. Hakuna hotuba dhidi ya Unazi ndani ya wimbo. Anachofanya ni kuuchukua wimbo wa adui na kuurudisha ukiwa umetahiriwa.

Hapo hapo mna onyo la kivitendo. Wimbo huu unategemea nani anaimba. Bendi ya Nairobi ikiuimba kama ulivyo, hadhira itasikia watu wanaowaigiza Wayahudi, na mzaha utakuwa umegeuka uelekeo. Upigeni mazoezini kwa sababu mwendo wake ni wa wastani na unafundisha kuitikia kwa pamoja. Jukwaani uacheni.

«Don't Call Me White» una ugumu wake. Mwimbaji anakataa kutiwa ndani ya fungu la «weupe» ambalo hakulichagua, pamoja na dhamana zote za historia zinazokuja na jina hilo. Mkumbuke Los Angeles ilikuwa imetoka kwenye ghasia za 1992, miaka miwili tu kabla. Nusu ya hoja inashika: kumhukumu mtu kwa fungu ni kosa, na Myahudi ana sababu zake za kuogopa mafungu. Nusu nyingine inavuja, kwa sababu kukataa jina la rangi ni rahisi zaidi kwa mtu ambaye polisi hamsimamishi kwa ajili ya rangi hiyo. Kimuziki ni mojawapo ya nyimbo zilizosukwa vizuri kuliko zote humo. Kihoja ni wimbo wa kijana aliyefika katikati ya wazo akaliacha, akashika gitaa. Mkiwa mnabishana bado, bishaneni juu ya huu.

«Lori Meyers» ndio wimbo wa kumnyamazisha yule anayesema hakuna ujumbe. Mwanamume anasimulia juu ya msichana aliyekuwa jirani yake utotoni, wakicheza pamoja, kisha ukubwani anamwona kwenye filamu ya ngono na kumtambua kwa alama anayoifahamu. Anakwenda kumtafuta ili amwokoe. Wimbo wa panki wa kawaida ungeishia kwenye huruma yake. Huu unamkabidhi mwanamke kipaza sauti: Kim Shattuck wa bendi ya The Muffs, aliyefariki 2019, anaingia na kumjibu. Anasema kwamba anachouza ni muda wake, kwamba hasubiri mwana wa mfalme, na kwamba udhalilishaji anaujua kutoka kiwandani alikokuwa akifanya kazi na hana nia ya kurudi. Mwokozi anaachwa na huruma yake mkononi. Ni dakika mbili na ushee, na ndani yake mna mjadala mzima wa kazi na heshima. Angalieni ufundi: sauti ya Shattuck haiji kama kiitikio cha kupamba, inakuja kama mtu aliyekatiza. Bendi nyingi zikiupiga humpa mwanamume kuiigiza sehemu hiyo kwa sauti nyembamba. Hapo wimbo unakufa. Hamna mwimbaji wa kike? Chagueni mwingine.

«Happy Guy» unashangaza kwa upole wake. Mtu wa dini, mwenye maisha madogo na imani kubwa, ambaye bendi kama hii ungetarajia imchane, anaachwa kwa amani. Wimbo unawaambia wanaomnyooshea kidole wakishushe. «Perfect Government» kwa upande wake si utunzi wao, ni wa Mark Curry, na ndio wimbo wa kisiasa wa wazi kuliko wote: swali la mamlaka inayowalinda matajiri na kuwanyima maskini. Inafaa kukumbuka kwamba wimbo wenye siasa ya moja kwa moja zaidi kwenye albamu yao waliuazima. Siasa ya namna hiyo kwao ilikuja baadaye, hasa kuanzia The War on Errorism ya 2003 na kampeni ya kumpinga Rais Bush mwaka uliofuata.

Na kwa kuwa mwenzenu anadai ujumbe wao ni mzito kuliko wa wanaharakati: mwezi Mei 2018, wakiwa jukwaani Las Vegas, walifanya mzaha juu ya watu waliouawa kwa risasi kwenye tamasha la muziki mjini humo miezi michache nyuma. Waliomba radhi na waliilipia, pamoja na kupoteza mdhamini. Utani ule haukuwa na kile kinachoifanya Punk in Drublic isimame. Waliochekwa hawakuwa wao, na hawakuwa na nafasi ya kujibu. Bendi ilimaliza safari yake Oktoba 2024 kwa maonyesho ya mwisho San Pedro, California.

Sasa kupiga.

«Linoleum» ni wimbo wa kwanza kwenye albamu, unahusu mtu asiyejali mali, aliyeridhika na sakafu tupu ya linoleamu kuwa kitanda. Hauna kiitikio. Hapo ndipo mnapoangukia. Katika wimbo wa kawaida kiitikio ni kituo: hata kama mpiga besi amepotea kidogo kwenye ubeti, kiitikio kikifika wote wanajua wako wapi na wanashikana tena. Hapa hakuna kituo. Kosa la nusu pigo mwanzoni linasafiri nanyi hadi mwisho, likizaa mengine njiani.

Dawa yake ni ramani ya karatasi. Mmoja wenu akae na wimbo, ahesabu vipimo vya mapigo manne kwa kila sehemu, aandike: utangulizi vipimo vingapi, mistari ya kwanza vingapi, palipo na kipande cha ngoma peke yake, palipo na kimya. Kila mtu apate nakala. Kisha mchague alama tatu au nne ndani ya wimbo, kwa kawaida mapigo ya kupokezana ya ngoma, ambazo zitakuwa vituo vyenu mnavyovitengeneza wenyewe. Mfanye mazoezi ya kuanzia katikati: «tuanze alama ya pili». Bendi inayoweza kuanzia popote haipotei. Inayoweza kuanzia mwanzo tu, ikijikwaa imekwisha.

Kasi. Nyimbo za mtindo huu hupita mapigo 180 kwa dakika bila aibu. Kosa la bendi changa ni kufanyia mazoezi kasi ya rekodi tangu siku ya kwanza. Misuli inajifunza kile unachoirudishia, na ukiirudishia uchafu itaushika uchafu. Wekeni metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, kwenye 120. Pigeni wimbo mzima. Ukipita safi mara tatu mfululizo, ongezeni mapigo 4 au 5, si 20. Mkifika kiwango ambacho mkono wa mpiga gitaa unaanza kukaza, shukeni mapigo 10 na mmalizie mazoezi hapo. Mkono uliokaza ni ishara kwamba mnapiga kwa bega badala ya kifundo, na kwa mtindo huo hakuna atakayemaliza seti ya dakika 30.

Ngoma ndiyo sheria ya muziki huu. Pigo la kuanzia ni hili: hesabuni moja, mbili, tatu, nne kwa haraka, ngoma ya mguu kwenye moja na tatu, pamoja na pigo moja la ziada katikati ya tatu na nne, ngoma ndogo, ile wapigaji wanayoiita snea, kwenye mbili na nne. Mkono wa kulia juu ya matoazi ya mguu upige mapigo manne tu kwa kila kipimo. Wengi hujaribu kupiga manane kwa kasi hiyo, mkono unachoka kabla ya ubeti wa pili, mwendo unashuka, magitaa yanabaki mbele, na kila mtu anadhani mwenzake ndiye aliyekosea. Sikilizeni pia snea yenyewe: ikilegea sauti inakuwa ndefu, mapigo yanapandana. Kazeni ngozi ya juu mpaka pigo liwe fupi na kavu. Kwenye ukumbi wenye mwangwi, kitambaa kidogo kilichobandikwa ukingoni kwa utepe kinatosha.

Kwenye magitaa tatizo la kwanza ni mkwaruzo mwingi. Kitufe kilichoandikwa Gain kikiwa juu, amplifaya inaficha makosa chumbani na kuyatangaza ukumbini, kwa sababu nyuzi haziwahi kunyamaza kati ya pigo na pigo. Kishusheni mpaka muone aibu, kisha rudisheni kidogo. Sauti za katikati msizikate. Magitaa mawili yenye sauti za katikati zilizokatwa yanapotea nyuma ya matoazi. Nyuzi za unene wa 10 hadi 46 (elfu za inchi) zinafaa, na piki, kile kibamba cha kuchapia nyuzi, iwe ngumu kiasi, unene wa milimita 0.73 mpaka 0.88. Nyembamba zaidi inapinda na kuchelewa. Sehemu za kuziba nyuzi, ukingo wa kiganja ukae juu kabisa ya daraja la gitaa: ukisogea mbele sentimita moja unapata mdundo wa boksi usio na noti, ukirudi nyuma nyuzi zinabaki wazi.

La pili ni magitaa mawili kupiga kitu kimoja. Sikilizeni rekodi kwa sikio moja moja mtasikia kazi imegawanywa. Gitaa la kwanza linashika kordi za noti mbili au tatu: kidole cha shahada kwenye uzi wa 6, vingine kwenye nyuzi za 5 na 4, freti mbili mbele. Gitaa la pili linakwenda juu, mara nyingi kwa oktava, yaani noti ile ile ikiwa juu na chini kwa pamoja: shahada kwenye uzi wa 5, kidole cha pete au kidogo kwenye uzi wa 3, freti mbili mbele. Uzi wa 4 ulio katikati lazima unyamaze, nao unanyamazishwa na ncha ya kidole cha shahada kinachouegemea bila kuukandamiza. Hapa ndipo wengi hutoa mlio mchafu na kulaumu gitaa. Mkianzia uzi wa 4, oktava iko uzi wa 2, lakini freti tatu mbele, kwa sababu ya namna uzi wa 2 ulivyotyuniwa.

Besi ipigwe kwa piki. Vidole ni vizuri kwa rumba na taarabu. Hapa mwanzo wa kila noti unahitaji kusikika. Mpiga besi apige nusu pigo nusu pigo, manane kwa kipimo, akishikana na ngoma ya mguu, na atumie pigo la mwisho kabla ya kordi kubadilika kupita kwenye noti ya njiani. Ikiwa ndiye anayeimba pia, kama Fat Mike, ajifunze besi mpaka aweze kuipiga huku akijibu maswali ya mtu aliye mbele yake. Chini ya hapo asikabidhiwe kipaza sauti.

Waitikiaji ni nusu ya uzuri wa albamu hii na ndicho kitu cha kwanza bendi hukiacha. Fanyeni mazoezi ya sauti bila vyombo, mmekaa, kwa sauti ya chini. Mwimbaji mkuu ashike njia yake. Wa pili apande hatua tatu juu ndani ya ngazi ile ile ya noti, akihesabu na noti anayoanzia. Ndani ya ngazi hatua hizo haziwi sawa kila mara, nyingine pana, nyingine finyu, kwa hiyo asihamishe tu wimbo juu kwa kipimo kimoja. Atasikika kama redio mbili. Mkiweza jambo hili tu, mtazipita bendi nyingi zenye magitaa ya bei.

Sasa Kiswahili, na hapa mna bahati kuliko mnavyodhani. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, ndiyo maana Fat Mike anaweza kujaza hoja nzima kwenye kipimo kimoja. Kiswahili kina maneno marefu, na vijana wengi wakijaribu panki wanaishia kubana maneno kumi mahali pa matano. Msifuate Kiingereza. Fuateni mizani. Kipande cha utenzi kina mizani 8. Kipimo cha mapigo manne kina nusu pigo 8. Silabi moja kwa kila nusu pigo, na mkazo wetu, unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho, unakuwa silabi ya 7 ya kipande. Silabi ya 7 iko juu ya pigo la nne. Snea iko juu ya pigo la nne. Kila kipande chenye mizani 8 kinafunga juu ya snea bila nyinyi kufanya lolote.

Jaribuni na hivi viwili, vilivyotungwa kwa ajili ya jibu hili:

Kodi yangu imeliwa,
Kura yangu niliuza.

Mkazo uko kwenye silabi ya 1, ya 3 na ya 7: mapigo ya moja, mbili na nne. Maneno ya silabi mbili na nne yanakaa juu ya mapigo yenyewe yakianza juu ya pigo. Neno la silabi tatu likianza juu ya pigo linasukuma mkazo pembeni. Litangulizeni na «na» au «ya» nalo litarudi mahali pake. «Na sukari imepanda» inakaa. «Sukari nayo yapanda» ina mizani 8 vilevile lakini inachechemea mwanzoni, mpige muone. Wakati mwingine kuchechemea huko ndiko mnakokutaka, basi mkufanye kwa makusudi.

Andikeni kwa kasi ya 160 hivi. Kwa kasi hiyo silabi 8 zinachukua sekunde moja na nusu, karibu na mazungumzo ya mtu mwenye haraka, na maneno yanasikika. Kwa 200 zinachukua sekunde 1.2, na hadhira itabaki na irabu. Mstari mzima wa shairi, mizani 16, ni vipimo viwili. Uacheni ufuatwe na vipimo viwili vya magitaa matupu ili mwimbaji avute pumzi na watu wapate muda wa kucheka. Kicheko kinahitaji nafasi. Bendi inayoendelea kuimba juu ya kicheko inakizima.

Kuhusu utani wenyewe, angalieni tena vipande vile viwili. Cha kwanza peke yake ni malalamiko ambayo kila mtu anayo. Cha pili kinamtia mlalamikaji ndani ya hesabu. Hapo ndipo mkoba wenu wa mipasho unahitaji kugeuzwa: mipasho ya taarabu humlenga hasimu, na msikilizaji hufurahi kwa kuwa si yeye. Mtindo wa albamu hii humlenga anayeimba kwanza, kisha kundi lake, ndipo wakubwa. Mkianza na wakubwa mtapigiwa makofi na hakuna atakayecheka.

Kuna jambo la haki za watunzi. Kupiga wimbo wa watu jukwaani kama ulivyo ni suala la leseni ya ukumbi. Kuutafsiri, au kubadili maneno yake na kuurekodi, ni jambo jingine: kunahitaji ruhusa ya mwenye haki ya utunzi, hata kama mnauweka mtandaoni bure. Kwa «Perfect Government» kumbukeni mtunzi si NOFX. Pia nyimbo kadhaa za albamu zina matusi. Shule na sherehe za kanisa si mahali pake.

Kwa mwezi wa kwanza basi: «Perfect Government» na «Linoleum» kwa ramani ya karatasi, na wimbo mmoja wenu wenye beti tatu za mizani 8. Wekeni simu mwisho wa chumba, mbali na amplifaya, mrekodi, kisha mpeni rekodi mtu asiyejua maneno aandike anachosikia. Palipobaki tupu kwenye karatasi yake, punguzeni magitaa kabla ya kumwambia mwimbaji apaze sauti.